Soksi za bahati, sala na 'kamati ya ufundi': Imani zinazotawala michezo ya vyuo Mbeya na Iringa

ASUBUHI ya siku ya fainali, si vigumu kumtambua mchezaji katika bweni la chuo. Ni yule asiyetaka chumba chake kifagiliwe mpaka mechi imalizike. Ni yule aliyevaa soksi zilezile alizofungia bao katika robo fainali, zikiwa bado hazijafuliwa, na ambaye akinyooshewa mkono wa salamu hujifanya ana haraka. Akiulizwa sababu, hujibu kuwa ni mazoea tu.

Katika mikoa ya Mbeya na Iringa, ambako idadi ya vyuo imeongezeka sana tangu miaka ya 1990, mazoea ya aina hiyo yamekuwa sehemu ya michezo kama ilivyo filimbi ya mwamuzi. Baadhi hayana madhara na pengine yana faida. Mengine humaliza fedha za wanafunzi, huvunja urafiki wa miaka na, yakiachwa yakue, huhatarisha maisha ya watu. Tatizo ni kwamba yote huwekwa katika kapu moja la "imani", kiasi kwamba wengi hushindwa kuona mpaka uko wapi.

Makala haya yanaeleza imani hizo zinatoka wapi, kwa nini vijana wasomi hawaziachi, na ni wakati gani jambo la kumtuliza mchezaji moyo hugeuka kuwa balaa kwa timu nzima.

Vijana kutoka kila pembe

Jijini Mbeya kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia (MUST), kilichoanza mwaka 1986 kama chuo cha ufundi na kupata hadhi ya chuo kikuu mwaka 2012. Kipo pia Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji (TEKU) pamoja na Ndaki ya Mbeya ya Chuo Kikuu Mzumbe. Iringa kuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa (MUCE), kilicho chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu mwaka 2005, Chuo Kikuu cha Iringa, Chuo Kikuu cha Kikatoliki Ruaha (RUCU) na Chuo cha Ualimu Kleruu.

Wanafunzi wa vyuo hivyo hawatoki Nyanda za Juu Kusini pekee. Yupo aliyekulia Tanga, yupo wa Kagera, yupo wa Mtwara na yupo wa Rungwe. Kila mmoja huja na vitabu vyake, na pia na yale aliyoyasikia kwao kuhusu bahati, mikosi na macho ya watu. Timu ya chuo inapokaa kambini, mambo hayo hukutana chini ya paa moja.

Aidha, wengi hawaanzii mambo haya chuoni. Wamepitia mashindano ya UMITASHUMTA wakiwa shule za msingi na UMISSETA wakiwa sekondari, na wale wanaosomea ualimu hukutana tena katika UMISAVUTA. Kijana aliyeambiwa na kaka zake wa sekondari kwamba kipa haruhusiwi kupokea maji ya kunywa kutoka kwa mgeni, hufika chuo kikuu akiwa tayari anaishika kanuni hiyo bila kuhoji.

Mambo binafsi na mambo ya timu

Kwa ujumla, imani hizi zina sura mbili. Ya kwanza ni ya mchezaji mmoja mmoja. Yupo anayetanguliza mguu wa kulia anapoingia uwanjani, anayevaa kiatu cha kushoto kabla ya cha kulia, anayegusa nyasi kisha akafanya ishara ya msalaba au kuinua viganja kwa dua. Wapo wasionyoa ndevu hadi mashindano yaishe, na wapo wanaogombea jezi yenye namba fulani kana kwamba namba ndiyo inayopiga mpira.

Sura ya pili ni ya timu. Hapa ndipo linapoingia jina maarufu la "kamati ya ufundi". Kwa maana rasmi, hiyo ni kamati inayosimamia masuala ya kitaalamu ya mchezo. Kwa lugha ya mtaani, ni watu wachache wanaoaminiwa kushughulikia mambo ambayo kocha hayajui, au anayajua lakini hujifanya hayajui. Ndio wanaokwenda kwa "mzee" au "fundi", wanaochangisha fedha na wanaorudi na masharti.

Masharti yenyewe mashabiki wa soka nchini wanayafahamu: kukwepa mlango rasmi wa uwanja, kuingia kinyumenyume, kukataa chumba cha kubadilishia nguo na badala yake kubadilisha ndani ya basi, kutosalimiana na wapinzani, kumwaga maji, chumvi au unga golini, kuvunja yai, au kufukia kitu karibu na mwamba usiku wa kuamkia mechi. Kwa upande mwingine, timu mwenyeji huweka vijana wa kulinda uwanja usiku kucha ili jambo hilo lisitendeke.

Vijana wa vyuo hawakuyabuni haya. Wameyaona kwa wakubwa. Mwaka 2003, Chama cha Soka nchini kilichokuwa kikiitwa FAT, ambacho baadaye kilikuwa TFF, kilizitoza faini Simba na Yanga baada ya mechi yao kutawaliwa na vituko vya ushirikina. Taarifa za wakati huo zilieleza kuwa upande mmoja ulimwaga unga na kuvunja mayai uwanjani, na wachezaji wawili wa upande wa pili wakajibu kwa kukojoa uwanjani.

Karibu miaka 20 baadaye, Aprili 2022, Simba walionekana wakiwasha moto katikati ya uwanja wa Orlando nchini Afrika Kusini kabla ya mechi ya marudiano ya robo fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya Orlando Pirates. Simba walifungwa bao 1-0, sawa na ushindi wao wa nyumbani, kisha wakatolewa kwa penalti 4-3. Shirikisho la Soka Afrika (CAF) liliitoza klabu hiyo faini ya dola 10,000 za Marekani. Katika Ligi Kuu nako, faini kwa timu zilizoingia uwanjani kwa mlango usio rasmi zimekuwa habari za kawaida kila kamati inayosimamia ligi, maarufu kama Kamati ya Saa 72, inapotoa maamuzi yake.

Mwanafunzi anayesoma habari hizo hujiuliza swali jepesi: ikiwa klabu zenye makocha wa kigeni, madaktari na fedha nyingi bado zinafanya hivyo, timu ya chuo isiyo na hata daktari ni nani mpaka iache?

Mizizi ya zamani

Kuamini kwamba vita, na mashindano yanayofanana na vita, huhitaji kinga si jambo geni Kusini mwa Tanzania. Katika Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, wapiganaji wa makabila mbalimbali waliunganishwa na imani ya maji ya Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, waliyoambiwa kuwa yangegeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Kinjeketile alinyongwa Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza, lakini maji yake yaliendelea kusafiri hadi Ungoni na Ubena. Risasi hazikugeuka. Hata hivyo, maji hayo yalifanya kazi moja halisi: yaliwapa watu waliokuwa wametengana ujasiri wa kusimama pamoja.

Kwa upande wa Mbeya, yupo mtafiti aliyeacha maelezo ya kina yanayosaidia kuelewa kambi ya timu ya leo. Monica Wilson alifanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa wa Rungwe kati ya miaka ya 1934 na 1938, na mwaka 1951 akachapisha kitabu kiitwacho "Good Company". Aliandika kuwa Wanyakyusa walithamini mno kuishi kwa ukarimu na ushirika na majirani, hasa kula na kunywa pamoja. Uchawi, kwa imani ya wakati huo, ulikuwa kama chatu aliyekaa tumboni mwa mtu, aliyesukumwa na uchu wa nyama na maziwa ya wengine. Mtu aliyekula peke yake alijiweka mahali pa kushukiwa au pa kudhurika.

Wilson alieleza pia imani kwamba minong'ono ya majirani waliokasirishwa na mwenzao ilikuwa na nguvu ya kumletea maradhi, na nguvu hiyo ilihesabiwa kuwa halali kwa kuwa ilimrudisha mkosaji kwenye mstari. Kwa maneno mengine, mazungumzo juu ya uchawi yalikuwa pia mazungumzo juu ya nani ni mwenzetu na nani anatutenga.

Anayejua maisha ya kambi ya michezo ataitambua picha hiyo haraka. Mchezaji anayekula pembeni, anayesemea simu mbali na wenzake au anayelala kwa ndugu mjini badala ya bwenini, ndiye wa kwanza kutajwa timu inapofungwa. Kinachotafutwa hapo huitwa uchawi, lakini mara nyingi kilichovunjika ni ushirika.

Dini nazo zipo. Wamoravian na Walutheri waliingia katika eneo la Wanyakyusa mwaka 1891, na leo vyuo kadhaa vya mikoa hii vinamilikiwa na makanisa. Si ajabu timu kushikana mikono katika duara na kusali kwa sauti, kisha mmoja wao akaingia uwanjani na hirizi kiunoni. Kwa wengi hakuna mgongano hapo. Utafiti wa taasisi ya Pew ya Marekani uliochapishwa mwaka 2010, uliofanyika katika nchi 19 za Afrika, uliitaja Tanzania miongoni mwa nchi ambako takriban nusu ya watu au zaidi wanaamini kuwa sadaka kwa mizimu au mababu zinaweza kumkinga mtu na madhara, ingawa karibu wote ni Wakristo au Waislamu.

Kwa nini msomi anaamini

Wapo wanaodhani kuwa elimu ikipanda, imani hizi hushuka zenyewe. Michezo inaonyesha vinginevyo. Michael Jordan, nyota wa mpira wa kikapu, alijulikana kwa kuvaa kaptura yake ya Chuo Kikuu cha North Carolina chini ya sare ya Chicago Bulls. Rafael Nadal alipanga chupa zake za maji kwa mstari uleule kila mechi. Mwaka 2006, Michaéla Schippers na Paul Van Lange wa Uholanzi walichapisha utafiti juu ya wanamichezo 197 wa kiwango cha juu wa soka, voliboli na hoki. Takriban wanne kati ya kila watano walikiri kuwa na angalau jambo moja la bahati wanalolifanya kabla ya mchezo. Jambo hilo lilipewa uzito zaidi pale mpinzani alipokuwa na nguvu na mechi ilipokuwa kubwa.

Maelezo ya msingi yalikwishatolewa karne moja iliyopita na Bronisław Malinowski, mtafiti mzaliwa wa Poland aliyeishi katika visiwa vya Trobriand, Bahari ya Pasifiki, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Aligundua kuwa wavuvi wa visiwa hivyo walipovua katika rasi iliyotulia, ambako samaki walikuwa wa uhakika, hawakutumia dawa yoyote. Walipokwenda bahari kuu, penye dhoruba na mavuno ya kubahatisha, walifanya matambiko mengi. Binadamu huongeza dawa pale uhakika unapopungua.

Soka ni bahari kuu. Mabao ni machache, na timu iliyotawala dakika 90 inaweza kufungwa kwa mpira mmoja uliogonga mwamba na kurudi mgongoni mwa kipa. Katika mbio za mita 1,500, aliyejiandaa vizuri kwa kawaida hushinda na saa inaonyesha kwa nini. Si ajabu basi kwamba habari za ndumba husikika zaidi katika soka kuliko riadha.

Sababu ya pili ni namna akili inavyounganisha mambo. Mwaka 1948, mwanasaikolojia B.F. Skinner wa Marekani aliweka njiwa wanane wenye njaa ndani ya visanduku, akawapa chakula kila baada ya muda maalumu bila kujali walichofanya. Sita kati yao walianza vitendo vya ajabu: mmoja alizunguka, mwingine alitikisa kichwa, kana kwamba kitendo hicho ndicho kilicholeta chakula. Mchezaji aliyefunga mabao mawili siku aliyochelewa kuoga hana tofauti kubwa na njiwa huyo.

Sababu ya tatu ni hesabu, nayo ndiyo inayomlisha mganga. Tuseme timu 16 zinaingia katika mashindano ya mtoano na kila moja ina fundi wake. Baada ya mzunguko wa kwanza, mafundi wanane watakuwa na ushahidi kuwa dawa zao zinafanya kazi. Baada ya fainali, mmoja atakuwa ameshinda mechi nne mfululizo, na sifa zake zitavuma kutoka Mafinga hadi Tunduma. Ingekuwa hivyo hata kama wote 16 walitoa maji ya bomba. Wale 15 walioshindwa nao hawakosi majibu: sharti lilivunjwa, mchezaji fulani aligusana na mwanamke, au wapinzani walikwenda kwa mzee mkubwa zaidi. Dawa ikishinda ni dawa, ikishindwa ni kosa la mteja.

Kinachosaidia na kisichosaidia

Je, imani hizi zinasaidia? Mwaka 2010, watafiti wa Ujerumani walieleza kuwa watu waliopewa mpira wa gofu na kuambiwa ni wa bahati walifanya vizuri kuliko wengine. Habari hiyo ilienea duniani kote. Lakini mwaka 2014 watafiti wa Marekani walilirudia jaribio hilo kwa watu wengi zaidi na hawakuona tofauti.

Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2016, ulionyesha kitu cha karibu zaidi na ukweli wa uwanjani. Watu waliotakiwa kuimba mbele ya wengine au kufanya hesabu ngumu walipunguza wasiwasi na kufanya vizuri zaidi walipotanguliza tendo fupi la kurudiwarudiwa, hata kama lilibuniwa palepale na watafiti. Nguvu, kwa hiyo, haikuwa katika kifaa. Ilikuwa katika utulivu unaoletwa na kurudia jambo unalolimudu.

Makocha wa kisasa wanalitumia jambo hilo. Mpiga penalti hufundishwa kuweka mpira kwa namna ileile, kurudi hatua zilezile, kuvuta pumzi na kuchagua kona kabla ya kukimbia. Kwa macho, hilo halitofautiani na tambiko. Tofauti ni kwamba mchezaji analibeba mwenyewe, halimgharimu kitu na haliwezi kusahaulika nyumbani.

Kitu cha bahati kinaweza kusahaulika. Februari 2009, beki wa Arsenal, Kolo Touré, aliyekuwa na mazoea ya kutoka wa mwisho chumbani, alimsubiri mwenzake William Gallas aliyekuwa akitibiwa wakati wa mapumziko ya mechi dhidi ya Roma. Arsenal walianza kipindi cha pili wakiwa tisa, na Touré akapewa kadi ya njano kwa kuingia uwanjani bila ruhusa. Imani iliyokusudiwa kuilinda timu iliipunguzia watu wawili.

Baridi na mwinuko vinapoitwa uchawi

Nyanda za Juu Kusini zina jambo jingine linalochochea tuhuma. Timu zinazotoka pwani hulalamika mara kwa mara kuwa zikicheza Mbeya au Iringa miguu huwa mizito, kifua hubana na kipa huona mpira ukibadilisha njia. Wengi huhitimisha kuwa wamefungwa.

Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na mji wa Iringa uko juu ya mita 1,500. Katika mwinuko huo, oksijeni inayopatikana katika kila pumzi ni pungufu kwa kati ya asilimia 15 na 20 ikilinganishwa na Dar es Salaam au Tanga. Mwili huhitaji siku kadhaa, na wakati mwingine wiki, kuzoea hali hiyo. Timu inayoshuka kwenye basi usiku na kucheza kesho yake jioni haina muda huo, hivyo kuishiwa pumzi mapema ni jambo linalotarajiwa.

Hewa nyepesi pia huupunguzia mpira kizuizi. Shuti huenda kasi zaidi na mpira uliokatwa haupindi kama ulivyozoeleka pwani. Kipa aliyekulia Mtwara hukadiria kwa macho ya Mtwara, na mpira humpita. Ongeza baridi ya Juni na Julai, miezi ambayo usiku wa Mbeya na Iringa huwa mkali, na misuli isiyopashwa moto vya kutosha hukaza. Mchezaji akianguka ameshika paja dakika ya kumi, dawa yake ni kujiandaa zaidi kabla ya mechi, si kumtafuta aliyemtupia jambo.

Kuna pia suala la usingizi. Timu iliyokesha ikilinda uwanja, au iliyoamshwa saa nane usiku kwenda kuoga dawa mtoni, huingia uwanjani ikiwa imechoka. Ikifungwa, huamini kuwa ingekesha zaidi.

Gharama zake

Gharama ya kwanza ni fedha. Mwanafunzi anayeishi kwa mkopo wa kujikimu, maarufu kama "boom", akichangishwa kwa ajili ya "ufundi", fedha hiyo hutoka kwenye chakula na vitabu vyake. Kwa kuwa mchango huo hauna stakabadhi, hakuna anayeweza kuhoji kiasi gani kilifika kwa mzee na kiasi gani kiliishia njiani. Fedha hizo zingeweza kununua bandeji, barafu na viatu vya mchezaji ambaye hana.

Ya pili ni afya. Kuchanjwa chale kwa wembe mmoja timu nzima kunaweza kueneza virusi vya Ukimwi na homa ya ini. Kunywa mchanganyiko usiojulikana kuna hatari ya sumu, na kwa mwenye ndoto ya kufika ngazi za juu kuna hatari nyingine: kanuni za kimataifa za kupambana na dawa zilizopigwa marufuku michezoni humwajibisha mwanamichezo kwa chochote kitakachopatikana mwilini mwake, awe alijua au hakujua. Kibaya zaidi, goti lililovunjika likiitwa "limetupiwa", hupelekwa kwa fundi kwanza na hospitali baadaye, mara nyingi likiwa limeharibika.

Ya tatu, na kubwa kuliko zote, ni kuaminiana. Ramli ikipigwa haiishii kusema timu imerogwa. Hutaja aliyeroga. Anaweza kuwa kipa wa akiba anayetaka namba, mpishi wa kambi, au yule aliyekataa kuchanga kwa sababu za dini yake. Kijana wa miaka 21 anaweza kumaliza miaka yake mitatu ya chuo akiwa hasalimiwi, kwa kosa la timu kufungwa 2-0.

Katika mikoa hii jambo hilo si la mzaha. Mbeya inakumbuka mauaji ya uchunaji ngozi ya miaka ya mwisho ya 1990 na mwanzo wa 2000. Jirani yake Njombe ilitikiswa mwanzoni mwa mwaka 2019 na mauaji ya watoto yaliyohusishwa na ushirikina. Baada ya wimbi la mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino, Serikali ilitangaza Januari 2015 kupiga marufuku waganga wapiga ramli. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa tangu mwaka 1928, inakataza kujifanya mwenye uwezo wa uchawi, kumiliki vifaa vyake na kumtaja mtu kuwa mchawi. Waganga wa tiba asili wanaotambuliwa chini ya sheria ya mwaka 2002 ni kundi tofauti, na kazi yao si kuuza ushindi.

Uwanja wa mpira wenyewe umewahi kugeuka mahali pa maafa. Septemba 2008, mjini Butembo, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kipa mmoja alituhumiwa kutumia uchawi katikati ya mechi. Vurugu zilizuka, polisi wakaingilia kati, watu wakakimbilia milangoni. Zaidi ya watu 10 walikufa katika msongamano huo, wengi wao wakiwa vijana. Hakuna aliyeuawa na dawa. Waliuawa na tuhuma.

Njia iliyo wazi

Adhabu peke yake hazijatosha. CAF ilijaribu kuonyesha ukali mwaka 2002 nchini Mali, pale kocha msaidizi wa Cameroon, Thomas N'Kono, alipokamatwa uwanjani jijini Bamako akituhumiwa kutaka kuweka hirizi kabla ya nusu fainali. Cameroon walishinda 3-0, na walioamini waliendelea kuamini. Katika Ligi Kuu ya Tanzania pia, faini hulipwa na mlango rasmi ukakwepwa tena.

Kwa vyuo, ipo nafasi ambayo klabu kubwa hazina. Vyuo vina wahadhiri wa saikolojia, vina zahanati, na vina wachezaji wanaoweza kusoma takwimu za mechi zao wenyewe. Kocha anayewapa wachezaji utaratibu maalumu wa kujiandaa huwapa kitu cha kushika mahali pa hirizi. Timu inayowahi kupanda Mbeya siku tatu kabla ya mechi inapunguza sababu za kulia kuwa imefungwa. Kiongozi wa michezo anayedai stakabadhi kwa kila mchango huifanya "kamati ya ufundi" ikose hewa. Na sala ya pamoja, kwa wanaoitaka, haina ubaya ilimradi haimtengi asiyesali.

Mpaka wenyewe si mgumu kuutambua. Jambo likimtuliza mchezaji, lisimgharimu mtu na lisimnyooshee kidole yeyote, liachwe. Soksi za bahati hazijawahi kumuua mtu, ingawa wanaolala naye chumba kimoja wanayo haki ya kudai zifuliwe. Lakini jambo linapodai fedha za siri, wembe, au jina la mwenzao, uongozi wa timu una wajibu wa kulisimamisha siku hiyohiyo, kabla ya mechi inayofuata.